Namna ya Kuvuka Barabara Pana kwa Miguu au kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili

Kila mtu anaijua ile kanuni ya utotoni: angalia huku, angalia kule, angalia huku tena, kisha vuka. Inafaa kwa barabara nyembamba yenye magari machache. Kwenye barabara ya njia nne, magari yakiwa kilomita 80 kwa saa na pikipiki zikipenya katikati yake, kanuni hiyo inaacha swali kubwa bila jibu: nafasi iliyopo mbele yangu inanitosha, au hainitoshi?

Hapo ndipo watu wanapokwama. Mmoja husimama ukingoni mpaka uvumilivu umwishe, kisha akakimbia. Mwingine huanza vizuri, akafika katikati, akababaika, akarudi nyuma. Mwenye baiskeli ana taabu zaidi kwa kuwa hajui avuke kama gari au kama mtu.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja, kuvuka. Nafundisha kuvuka kwa kuhesabu, kwa sababu jicho peke yake hudanganya na ujasiri hauna msaada mbele ya gari la tani moja na nusu.

## Vitu vya kuandaa

Kwa anayetembea:

- Saa au simu yenye kuhesabu sekunde. Utaitumia kwenye mazoezi tu.
- Viatu visivyochomoka. Ndala iliyokatika katikati ya barabara huwafanya watu wainame kuiokota.
- Kwa usiku, mikanda miwili ya kuakisi mwanga, ya kufunga vifundoni. Sababu iko kwenye hatua ya 7.
- Tochi ndogo kama unapita penye giza.

Kwa mwenye baiskeli, ongeza:

- Breki mbili zinazoshika. Bana mkono wa breki: ukigusa mpini kabla gurudumu halijafunga, waya umelegea au mipira ya breki imeisha.
- Kengele.
- Taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na kiakisi chekundu nyuma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unavitaja vitu hivi pamoja na breki na kengele, na sheria za nchi nyingi zinafanana nao.
- Helmeti inayokaa sawa: ukingo wake uwe vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya masikio, na kati ya kidevu na mkanda ibaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Helmeti iliyowahi kugonga chini kwa nguvu haifai tena hata kama haina ufa unaoonekana.

Simu na vipokea sauti vya masikioni viweke mfukoni mpaka ufike ng'ambo. Baadhi ya magari ya umeme yakienda polepole hayana mlio wa kukushtua. Na ukiwa umekunywa pombe, tafuta mtu wa kukuvusha. Ulevi huvuruga makadirio ya anayetembea kama unavyovuruga ya dereva.

## Hatua ya 1: Jua unavuka kwa sekunde ngapi

Hatua hii hufanyika nje ya barabara. Tafuta uwanja tambarare, pima mita 7 kwa futi kamba, au hatua 10 za kawaida za mtu mzima, na uweke alama mwanzo na mwisho. Njia moja ya gari huwa na upana wa mita 3 hadi 3.5, kwa hiyo mita 7 ni sawa na barabara ya njia mbili.

Tembea kutoka alama hadi alama kwa mwendo wako wa kawaida huku ukipima muda. Mtu mzima asiye na mzigo hutumia kama sekunde 6. Mzee, mjamzito, anayechechemea au aliyebeba kitu kizito anaweza kutumia 8 hata 10. Usijidanganye kwa kuongeza kasi siku ya kupima.

Sasa ongeza sekunde 3 za akiba. Sekunde moja hupotea kati ya kuamua na kuinua mguu, na zinazobaki ni za kukuokoa ukijikwaa au gari likiwa na kasi kuliko ulivyodhani. Aliyetumia sekunde 6 sasa ana 9. Hiyo 9 ndiyo namba yako, ikariri.

Kwa nini mwendo wa kutembea na si wa kukimbia? Anayekimbia hutazama mbele tu, hujikwaa kirahisi, na humpa dereva muda mfupi wa kumwona. Mbio ziwe akiba yako ya dharura. Ukizitumia tangu mwanzo huna kingine cha kuongeza.

Onyo: namba hii ni ya njia mbili tu. Barabara ya njia nne isiyo na kisiwa (sehemu iliyoinuliwa ya kusimamia) katikati ina kama mita 14. Mtu yule yule anahitaji sekunde 12, na akiba inafanya ziwe 15. Katika sekunde 15 gari la kilomita 80 kwa saa linakata zaidi ya mita 330. Hakuna jicho linalokadiria vizuri gari lililo mbali kiasi hicho, kwa hiyo barabara ya namna hiyo haivukwi kwa mkupuo mmoja. Utatafuta taa, kisiwa au daraja.

Umefaulu ukiwa umepima mara tatu na sekunde zikakaribiana.

## Hatua ya 2: Chagua mahali kabla ya kuchagua muda

Ukichagua mahali pabaya, subira yote ni bure. Huu ndio mpangilio ninaoufuata, kuanzia pazuri zaidi.

Daraja la waenda kwa miguu au njia ya chini ndiyo bora kwenye barabara kuu. Ngazi zinachosha, najua, na baadhi ya njia za chini zina giza la kutisha. Kama usalama wako humo ni wa mashaka, pita na wenzako au uende kwenye taa.

Inafuata sehemu yenye taa za kuongozea magari, kisha kivuko cha pundamilia chenye kisiwa au tuta. Tuta lina thamani kuliko rangi, kwa sababu linampunguza mwendo hata dereva asiyejali. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Kutembea mita 200 zaidi ili ukavukie penye tuta kuna faida kubwa.

Usipopata chochote kati ya hivyo, tafuta mahali barabara imenyooka na pasipo na vizuizi. Epuka haya:

- Kwenye kona na kwenye mgongo wa kilima. Gari lisiloonekana bado lipo.
- Kati ya magari yaliyoegeshwa. Ukilazimika, simama kwenye mstari wa ubavu wa nje wa gari lililoegeshwa, utazame, ndipo uanze. Hakikisha kwanza kuwa halina dereva na halingurumi.
- Mbele ya basi lililosimama kushusha abiria. Dereva aliye juu hakuoni ukiwa karibu na pua ya basi, na gari linalolipita basi halikuoni kabisa. Subiri basi liondoke. Ni kusubiri kidogo, na ajabu ni kwamba mtu aliyekaa safarini saa nzima hukosa subira hapo hapo.

Umefaulu ukiwa unaona magari yakitokea mbali kuliko namba yako inavyotaka. Hatua inayofuata inaonyesha jinsi ya kuhakikisha hilo.

## Hatua ya 3: Simama na uyapime magari

Simama hatua moja kutoka ukingo wa lami, si juu ya ukingo wenyewe. Kioo cha pembeni cha lori au basi hutokeza nje ya ubavu, na huning'inia usawa wa kichwa cha mtu.

Angalia kwanza upande yanakotokea magari ya njia iliyo karibu nawe. Katika nchi zinazoendesha kushoto ni kulia kwako, na katika nchi zinazoendesha kulia ni kushoto kwako. Ukiwa mgeni nchi nyingine, mazoea ya kwenu yatakufanya utazame upande usiofaa kwanza, basi tazama pande zote mbili kila mara, hata kwenye barabara ya njia moja. Baiskeli na pikipiki hupita kinyume bila haya.

Kisha fanya hivi:

1. Chagua kitu kisichosogea upande yanakotokea magari: nguzo ya umeme, mti, kibao.
2. Gari likifika kwenye nguzo hiyo, anza kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Kila tamko ni kama sekunde moja.
3. Acha kuhesabu likipita mbele yako.
4. Rudia kwa magari matatu au manne, na ushike hesabu ndogo kuliko zote. Hiyo ni ya dereva mwenye haraka, na ndiye unayejihadhari naye.
5. Linganisha na namba yako. Kama hesabu hiyo ni sekunde 7 na namba yako ni 9, nguzo iko karibu mno. Chagua ya mbali zaidi na uanze upya.

Ukipata nguzo inayozidi namba yako, umepata mpaka. Kanuni inakuwa nyepesi: kama hakuna chombo chochote kati ya nguzo na wewe, una muda. Kama kipo, huna. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili wa barabara, kwa sababu magari ya kule nayo yanakusogelea wakati unatembea.

Ukiona hakuna nguzo ya kutosha, yaani magari yanafika kwako kabla ya namba yako kuisha hata yanapohesabiwa tangu yanapochomoza, mahali hapo hapavukiki. Ondoka.

Kwa nini taabu yote hii? Gari la kilomita 50 kwa saa linakata mita 14 kila sekunde. La 80 linakata mita 22, na la 100 karibu mita 28. Mwenye namba 9 anahitaji uwazi wa kama mita 125 kwa mwendo wa kwanza, 200 kwa wa pili na 250 kwa wa tatu. Mtu anayekadiria kwa macho hutumia umbali ule ule kwa magari yote, na hapo ndipo gari la kasi linapomkuta.

Usitegemee breki za dereva. Dereva makini huchukua kama sekunde 1.5 kuona, kuamua na kukanyaga. Kwenye lami kavu, gari dogo la kilomita 50 kwa saa husimama baada ya kama mita 35 tangu alipokuona, na la kilomita 80 baada ya kama mita 70. Lami ikilowa, au likiwa lori lililosheheni, umbali huo hurefuka sana.

Onyo kuhusu pikipiki: kitu kidogo huonekana kama kiko mbali na kinakuja taratibu. Pikipiki na lori vikiwa umbali mmoja na kasi moja, watu wengi hudhani lori litatangulia kufika. Ihesabu pikipiki kama gari, usiikadirie.

## Hatua ya 4: Vuka njia moja moja

Hii ndiyo hatua inayoua watu waliofanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Umesimama kwenye pundamilia. Gari la njia ya kwanza linasimama, dereva anakupungia mkono upite. Unashukuru na kuvuka kwa furaha. Kwenye njia ya pili kuna dereva mwingine, haoni kwa nini mwenzake amesimama, anadhani ameharibikiwa au anakata kona, naye analipita. Gari lililokusimamia limekuficha kwake, na limemficha kwako. Mnaonana mkiwa mita 3.

Lori au basi likikusimamia, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ni pana na refu, huwezi kuona ng'ambo yake.

Fanya hivi:

- Dereva akisimama, usitoke mpaka gari limetulia kabisa. Tazama magurudumu yake. Macho ya dereva hufichwa na vioo vya giza na mng'ao wa jua, lakini gurudumu linaloanza kuzunguka huonekana kwa urahisi kuliko bodi inayoanza kusogea.
- Pita mbele yake kwa nafasi ya hatua mbili au tatu, si kwa kubana kwenye bampa. Nafasi hiyo hukupa upenyo wa kuchungulia njia ya pili.
- Ukifika kwenye mstari wa ubavu wake wa mbali, simama. Hata kama dereva anapiga honi ukimbie. Chungulia kichwa tu.
- Njia ya pili ikiwa tupu, au gari lake nalo limesimama kabisa, endelea. Rudia kila njia.

Mkono wa dereva aliyekuruhusu unasema kwamba yeye hatakugonga. Hawezi kuwasemea wenzake. Mshukuru, kisha jiangalilie mwenyewe.

Tembea ukinyoosha moja kwa moja. Kukatiza kwa mshazari kunafupisha safari ya upande wa pili lakini kunarefusha muda wako juu ya lami, na kunakufanya uyape mgongo magari ya upande mmoja.

Ukikwama kati ya njia mbili: simama wima juu ya mstari, mikono karibu na mwili, mizigo ikiwa mbele yako. Usirudi nyuma. Dereva aliyekuona amekwisha kuamua apite upande gani, na ukirudi unaingia kwenye upande aliouchagua. Subiri uwazi, hesabu, umalizie.

Umefaulu ukiwa umefika ng'ambo bila kukimbia na hakuna dereva aliyelazimika kukanyaga breki ghafla kwa ajili yako. Ukisikia matairi yakilia, hesabu yako ilikuwa mbovu hata kama umefika mzima. Rudi kwenye hatua ya 3.

### Kisiwa cha katikati

Kisiwa kinakugeuzia barabara ya njia nne kuwa barabara mbili za njia mbili, na ndiyo maana nakisifu. Ukikifikia, safari ya kwanza imekwisha. Simama, sahau ulikotoka, geukia upande magari yanakotokea sasa (ni kinyume na mwanzo) na uanze hatua ya 3 upya.

Michoro ya rangi tu katikati ya barabara si kisiwa. Kisiwa kina ukingo ulioinuka au nguzo.

## Hatua ya 5: Penye taa

Taa ya kijani ya waenda kwa miguu ni ruhusa, na huenda magari yanayokata kona nayo yameruhusiwa wakati huo huo. Kabla ya kushuka, tazama nyuma ya bega lako upande yanakotokea magari hayo.

Mwendo wako ukiwa wa polepole, usianze kwenye kijani ulichokikuta tayari kinawaka. Hujui kimebakiza sekunde ngapi. Acha kizime, kije kipya, na uanze nacho. Kikianza kuwaka na kuzima ukiwa ungali ukingoni, baki hapo. Ukiwa tayari katikati, endelea mbele kwa mwendo ule ule.

## Hatua ya 6: Kwa mwenye baiskeli

Amua kabla hujafika: utavuka kama mtu au kama gari? Anayechanganya, akaja amepanda kwenye kivuko cha miguu kwa kasi, humshtukiza dereva aliyekuwa anatazama watu wa mwendo wa kutembea.

### Kuvuka kwa kukokota

Hii ndiyo njia yangu kwa barabara yoyote yenye magari ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Shuka mapema, ukiwa bado nje ya lami. Shika mpini kwa mikono yote miwili, vidole viwili vikiwa juu ya breki, kisha fuata hatua ya 2 hadi ya 4.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Baiskeli ina urefu wa kama mita 1.7 hadi 1.8. Ukisimama kwenye kisiwa chembamba na baiskeli imeelekea mbele, gurudumu moja liko barabarani. Igeuze iwe sambamba na barabara, wewe ukiwa kati ya baiskeli na magari unayoyasubiri, na uinyooshe tena ukianza safari. Vivyo hivyo, kwenye hatua ya 4 usisukume gurudumu la mbele lichungulie kabla ya kichwa chako.

Pima namba yako upya ukiwa na baiskeli, tena ikiwa na mzigo kama huwa unabeba.

### Kuvuka ukiwa umepanda

Tumia njia hii penye taa au magari ya polepole. Punguza gia kabla ya kusimama, maana kuanza kwa gia nzito hukuyumbisha. Ukisubiri, weka pedali ya mguu wenye nguvu juu kidogo na mbele, ili msukumo wa kwanza ukutoe mahali. Kutoka kusimama, mita 7 huchukua kama sekunde 4 hadi 5, lakini akiba ya sekunde 3 inabaki pale pale. Cheni inaweza kuchomoka unapoanza kwa nguvu.

### Kona inayokatiza magari

Kona ngumu ni ile inayokupitisha mbele ya magari yanayokuja: kulia katika nchi zinazoendesha kushoto, na kushoto katika zile zinazoendesha kulia. Usihamie katikati ya barabara pana ili kuisubiri. Ivuke kwa vipande viwili:

1. Nyoosha moja kwa moja na magari ya upande wako mpaka ng'ambo ya makutano.
2. Simama pembeni pasipozuia mtu, na ugeuze baiskeli ielekee unakotaka.
3. Subiri taa ya upande huo, au hesabu kwa nguzo, kisha vuka.

Inachukua muda zaidi na inaonekana ya woga. Ni nzuri.

Kwenye mzunguko wa barabara (kipilefti) wenye njia mbili au zaidi, shuka na uvuke midomo yake, yaani barabara zinazoingia na kutoka, kwa kukokota, mmoja baada ya mwingine. Dereva anayeingia kwenye mzunguko hutafuta magari, na jicho lake huirukia baiskeli.

### Lori

Onyo kubwa: usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa barabara kwenye makutano, hata kama nafasi inaonekana ya kutosha na indiketa haiwaki. Lori likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hukata ndani zaidi, na ile nafasi uliyokuwa nayo hufungwa taratibu kuanzia mbele. Ukiwa ubavuni mwake karibu na kichwa cha gari, dereva hakuoni.

Baki nyuma yake, mahali unapoona uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni. Usipouona uso wake, naye hawezi kukuona wewe. Ukiuona, bado haina maana kwamba anakutazama.

Umefaulu ukiwa unaweza kugeuza kichwa na kutazama nyuma ya bega kwa sekunde moja bila baiskeli kupinda. Jizoeze kwenye uwanja wa mstari ulionyooka. Usiyeweza bado, kokota.

## Hatua ya 7: Giza na mvua

Usiku unaziona taa za gari kutoka mbali sana, na akili inakuambia nalo linakuona. Linakuona limekaribia. Mtu mwenye nguo nyeusi mbele ya taa za chini za gari (zilizopunguzwa, si za mwanga mrefu) hutokeza akiwa kama mita 30 hivi, pungufu ya umbali ambao gari la kilomita 50 kwa saa linahitaji ili lisimame. Kiakisi huonekana kutoka zaidi ya mita 100.

Usichanganye rangi na kiakisi. Zile rangi kali za njano na chungwa za fulana za kazi hung'aa mchana kwa sababu ya mwanga wa jua. Usiku, mbele ya taa za gari, kinachofanya kazi ni ile mistari ya kijivu inayorudisha mwanga kwa dereva. Fulana isiyo na mistari hiyo ni nguo tu.

Funga mikanda ya kuakisi kwenye vifundo vya miguu, si kifuani peke yake. Taa za chini za gari humulika chini kwanza, na miguu inayopishana humjulisha dereva papo hapo kwamba kile ni kiumbe kinachotembea. Doa la mwanga lisilosogea anaweza kulidhania nguzo. Kwa baiskeli, viakisi vya pedali vinafanya kazi hiyo hiyo kwa kupanda na kushuka.

Hesabu ya nguzo hufanya kazi usiku kama nguzo inaonekana. Kama haionekani, usikadirie kwa taa peke yake: taa mbili za karibu karibu zinaweza kuwa gari la mbali au pikipiki mbili za jirani. Vukia penye taa za barabarani, usimame chini ya mwanga na si pembeni mwake.

Mvua ina mambo yake. Mwavuli ulioinamishwa na kofia ya koti hufunika pande zote mbili, kwa hiyo geuza mabega, si macho. Kwa baiskeli yenye breki za kubana ringi, mzunguko wa kwanza wa gurudumu hukausha maji tu, ndipo breki ishike. Anza kufunga mapema. Mistari ya rangi na vifuniko vya chuma huteleza, vipite gurudumu likiwa limenyooka bila kubana breki.

## Hatua ya 8: Ukiwa na mtoto

Mshike kifundo cha mkono, maana vidole huchomoka. Awe upande wa mbali na magari yanayokuja, na mkifika katikati mbadilishane upande. Namba ya kutumia ni yake.

Mfundishe kuhesabu nguzo kwa kumwuliza kabla hujajibu: "Sasa tunavuka au tunasubiri?" Mwache akosee akiwa mkononi mwako. Watoto wadogo hawawezi kukadiria kasi, na kwa kimo chao hawaoni juu ya magari yaliyoegeshwa, kwa hiyo kujibu vizuri mara kadhaa hakumaanishi yuko tayari kuvuka peke yake.

Onyo: usimwite mtoto aliye ng'ambo ya barabara, wala usimpungie mkono. Akikuona, atakachokiona ni wewe tu, na atakimbia. Ukimwona amesimama kule, mwonyeshe kiganja cha kumzuia, vuka wewe umfuate, kisha mrudi pamoja.

## Ratiba ya mazoezi

Anza na barabara ya njia mbili yenye magari machache, mchana. Fanya hatua ya 1 hadi ya 3 bila kuvuka kabisa: simama, chagua nguzo, sema kimya kimya "sasa" pale unapodhani una nafasi, kisha hesabu uone gari lililofuata lilifika baada ya sekunde ngapi. Likifika kabla ya namba yako, "sasa" yako ingekugongesha.

Endelea hivyo mpaka "sasa" kumi mfululizo zote ziwe sahihi, ndipo uvuke. Kisha hamia kwenye barabara yenye kisiwa, kisha jioni, na kwa mwenye baiskeli rudia yote ukiwa umeikokota.

Pima namba yako upya ukiumia mguu, ukibadili viatu vya kazi, ukianza kubeba mzigo, ukipata ujauzito, au ukianza kwenda na mtu mwenye mwendo wa taratibu kuliko wako. Katika kundi, namba inayotumika ni ya yule wa mwisho kufika ng'ambo.